Anaimba Kiingereza lakini hasomi: misingi inayorukwa, na jinsi ya kuirudisha

Mara baada ya kipindi chetu cha elimu, baba mmoja alitupigia simu. Binti yake yuko darasa la sita. Kila jioni hukaa chini ya taa ya sola na kitabu cha Kiingereza, anasoma kwa sauti ukurasa mzima bila kukwama. Baba alikuwa anajivunia. Siku moja mdogo wake akamnyang'anya kitabu kwa utani, na dada akaendelea "kusoma" mpaka mwisho wa ukurasa, kitabu hakipo mkononi.

Baba akatuuliza: "Sasa huyu anajua kusoma au hajui?"

Tulimjibu kwamba anajua kukariri, kusoma bado. Wala kosa si la mtoto. Amefanya kile alichofundishwa: mwalimu anatamka, darasa zima linaitikia, wimbo unaingia kichwani. Tuliahidi kuandika hapa kwa kirefu, kwa sababu simu za namna hii ni nyingi na dakika chache za redioni hazitoshi. Soma taratibu, na kama una mtoto karibu, mwite mjaribu pamoja.

Kwa nini tusisubiri

Katika shule za msingi za serikali hapa Tanzania, masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiswahili. Kiingereza ni somo mojawapo. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, meza inapinduka. Baiolojia, Jiografia, Fizikia, Hisabati, vyote vinakuja kwa Kiingereza: kitabu, ubao na mtihani.

Mtoto wa mkulima anajua mzizi unafanya kazi gani, jani linafanya kazi gani, na mmea ukikosa mwanga unakuwaje. Ameviona shambani. Lakini swali likiandikwa kwa Kiingereza ambacho hawezi kukisoma, anaacha nafasi wazi kwenye karatasi. Anaandikiwa sifuri ya Baiolojia, wakati alichokosa ni lugha. Baada ya mihula miwili ya namna hiyo, wengine wanaamini kweli kwamba hawana akili, na wengine wanaacha shule.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umerudisha somo la Kiingereza mpaka darasa la kwanza. Ule uliotangulia ulianza kulifundisha darasa la tatu, ili madarasa mawili ya chini yashughulikie kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Kwa hiyo watoto wengi walioko madarasa ya juu sasa walianza wakiwa wamechelewa kidogo. Wanahitaji msingi wao urudiwe, si kuongezewa kurasa za kukariri.

Kiswahili kinasomeka kilivyoandikwa, Kiingereza hapana

Mtoto anayesoma Kiswahili ana bahati. Irabu ni 5, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. "A" ya "baba" ndiyo "a" ya "kaa" na "a" ya "maharage". Akishajua ba, be, bi, bo, bu na silabi nyingine, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ndiyo maana watoto wengi wanafunguka kusoma Kiswahili ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kiingereza kina herufi 26, lakini sauti zake ni kama 44, na kati ya hizo irabu zinafika karibu 20. Herufi hazitoshi. Kwa hiyo herufi moja inabeba sauti kadhaa, na sauti moja inaandikwa kwa njia kadhaa. Tazama maneno "tough", "though" na "through". Yote yana herufi zilezile "ough", lakini la kwanza linatamkwa "taf", la pili karibu na "dhou", la tatu "thruu".

Haya yana historia yake. William Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476. Vitabu vilipozidi kuchapwa, tahajia ya maneno ikaanza kuganda. Lakini midomo ya watu haikuganda. Katika karne hizo Waingereza walikuwa wakibadilisha namna ya kutamka irabu zao ndefu, na mabadiliko yaliendelea baada ya vitabu kuenea. Maandishi yakabaki ya zamani, matamshi yakaenda mbele. Ndiyo maana "knife" ina "k" isiyosikika: zamani ilitamkwa.

Usimwambie mtoto kwamba Kiingereza hakina utaratibu. Utaratibu upo, ila una ngazi nyingi kuliko Kiswahili, na ngazi zinapandwa moja baada ya nyingine.

Kusoma ni kuzidisha

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kusoma kwa njia rahisi ambayo walimu duniani bado wanaitumia. Walisema kusoma kwa kuelewa ni zao la vitu viwili: uwezo wa kufumbua maandishi, yaani kugeuza herufi kuwa sauti na maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Vitu hivi havijumlishwi. Vinazidishwa.

Tofauti yake kila mtu aliyesoma jedwali la kuzidisha anaijua. Kumi ukijumlisha na sifuri unabaki na kumi. Kumi ukizidisha kwa sifuri unabaki mikono mitupu.

Chukua mtu asiyejua Kisukuma, mpe Biblia ya Kisukuma. Anaweza kuisoma kwa sauti mistari kadhaa, maana herufi anazijua. Ukimuuliza amesoma nini, hana jibu. Anafumbua, haelewi. Upande wa pili yupo mzee anayeongea Kisukuma safi lakini hakwenda shule. Anaelewa kila kitu akisomewa, ila ukimpa kitabu hawezi. Wote wawili hawasomi Kisukuma.

Mtoto wetu alipoanza kusoma Kiswahili, nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika nyumbani, kwa sababu alikuwa akikielewa. Kwenye Kiingereza anaanza bila chochote pande zote mbili. Mwalimu lazima ajenge kufumbua na kuelewa kwa pamoja. Kuimba kitabu hakujengi upande wowote.

Mwaka 2000 jopo la wataalamu wa Marekani lilipitia tafiti nyingi za kufundisha kusoma Kiingereza na kutaja nguzo 5: kusikia sauti ndogondogo ndani ya neno, kuunganisha sauti na herufi, kusoma kwa mtiririko, msamiati, na kuelewa kilichosomwa. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mkondo huo, kwa kuzingatia mtoto ambaye tayari ana Kiswahili.

Hatua ya kwanza: masikio na mdomo kabla ya kitabu

Mtoto hawezi kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia akalielewa. Au tuseme anaweza kulitamka, lakini halimwambii kitu. Kwa hiyo mwanzo ni kuongea. Sentensi fupi za matendo zinatosha: "Sit down." "Stand up." "Open the door." "Bring the cup." Mwalimu anasema na kutenda, mtoto anatenda, kisha mtoto mwenyewe anamwamuru mwenzake. Haihitaji kitabu wala umeme.

Baada ya hapo, mfundishe kupasua neno kwa masikio. Chukua punje 3 za mahindi. Tamka "pin", maana yake pini. Sogeza punje moja kwa kila sauti: p, i, n. Kisha ziunganishe tena: "pin". Fanya hivyo kwa "cup", "bag", "ten". Usitumie maandishi bado. Mtoto asiyeweza kusikia kwamba "pin" ina sauti 3 ataliona neno zima kama picha moja, na picha zinakaririwa.

Hapa kuna mtego ambao walimu wengi wanaangukia bila kujua. Kiswahili tunakifundisha kwa silabi, na silabi zetu nyingi zinaishia na irabu. Mwalimu akihamishia mtindo wa ba, be, bi, bo, bu kwenye Kiingereza, "cat" inakuwa "kati" na "book" inakuwa "buku". Ndivyo lugha yetu ilivyozoea kukopa: "bank" tukaifanya benki, "shirt" tukaifanya shati, "socks" soksi. Kwa Kiswahili ni sawa kabisa. Lakini mtoto akijifunza Kiingereza lazima azoee kufunga mdomo kwenye konsonanti ya mwisho na kuacha hapo. Fanyeni mchezo wake: atakayeongeza irabu mwishoni anatoka.

Hatua ya pili: sauti za herufi, si majina yake

Watoto wengi wanajua kuimba majina ya herufi za Kiingereza kuanzia "ei" hadi "zed". Wimbo huo hausomeshi. Jina la herufi "c" ni "sii", "a" ni "ei", "t" ni "tii". Unganisha "sii-ei-tii" uone kama utapata "cat". Hutapata. Mtoto anahitaji sauti ambayo herufi inatoa ndani ya neno.

Na usifuate mpangilio wa alfabeti. Programu nyingi za sauti huanza na herufi s, a, t, p, i, n, kwa sababu herufi hizi 6 peke yake zinatoa maneno mengi mafupi: "sit", "sat", "pin", "pan", "tap", "tin", "nap", "pit", "sip". Ndani ya wiki chache mtoto anasoma maneno halisi ambayo hakukaririshwa. Furaha anayoipata hapo inamvuta mbele.

Kiswahili kinasaidia sana katika hatua hii, tukikitumia vizuri. Konsonanti nyingi ni zilezile: b, d, f, k, l, m, n, p, s, t, v, w, z. "Ch" na "sh" ni zilezile. Hata "th" inayowashinda watu wa mataifa mengi, sisi tunayo. "Th" ya "think" ni ile ya "thamani". "Th" ya "this" ni ile ya "dhahabu", ingawa wao wanaiandika kama ile ya kwanza. Mwambie mtoto hivyo na kazi inakuwa nyepesi.

Kazi ngumu iko kwenye irabu. Shikeni haya machache kwanza:

"U" fupi, kama kwenye "cup" na "bus", inakaribia "a" yetu. Ndiyo maana "bus" tumeiita basi, wala hatukuiita busi.

"A" fupi, kama kwenye "cap" na "cat", haipo katika Kiswahili. Iko katikati ya "a" na "e". Mtoto asipoisikia tofauti yake, "cap" na "cup" kwake ni neno moja, yaani kofia na kikombe vinachanganyika.

Irabu fupi na ndefu zinabadilisha maana. "Ship" ni meli, "sheep" ni kondoo. "Sit" ni kaa, "seat" ni kiti.

"E" ya mwisho haisikiki, lakini inaifanya irabu iliyotangulia itamkwe kama jina lake. "Hat" ni kofia, "hate" ni kuchukia. "Pin" ni pini, "pine" ni msonobari. "Hop" ni kuruka, "hope" ni tumaini. Kanuni hii moja inafungua mamia ya maneno.

Yapo maneno machache yanayotumika sana na hayafuati kanuni: "the", "was", "said", "one", "come", "you". Haya ndiyo ya kukariri kwa macho, matatu au manne kwa wiki, basi.

Hatua ya tatu: kuandika chake mwenyewe

Ukipita madarasani utaona watoto wameinama wanaandika kwa bidii. Ukisogea karibu, wananakili ubao. Kunakili kunafundisha mwandiko tu. Kuandika ni mtoto kutoa wazo kichwani kwake na kulifikisha kwenye karatasi.

Anza na imla fupi ya maneno aliyokwisha kujifunza sauti zake: "tap", "sit", "pin". Kisha sentensi: "I sit." "The cat sat." Mtoto akiandika "kap" badala ya "cup", usikate kwa kalamu nyekundu na kumwita mzembe. Angalia vizuri: amesikia sauti zote 3 na kuziandika kama Kiswahili kingeziandika. Ana masikio mazuri. Mwonyeshe tu kwamba Kiingereza kinaandika sauti ile kwa "u".

Kisha mpe kiolezo cha sentensi: "I have a ____." Atajaza "goat", "hen", "book", "brother". Kesho "My mother has a ____." Kesho kutwa sentensi 3 zinazohusu siku yake. Mwanzo herufi kubwa, mwisho nukta, na neno "I" huandikwa kwa herufi kubwa siku zote hata likiwa katikati. Sahihisha jambo moja kwa wakati mmoja. Mtoto anayerudishiwa daftari lililojaa wekundu hajui aanzie wapi, na siku nyingine ataandika kifupi ili akosee kidogo.

Hatua ya nne: sarufi, pale lugha zinapoachana

Watoto wengi wanaweza kutaja kanuni za nyakati za Kiingereza lakini hawawezi kusema wamekula nini jana. Sarufi iingie mdomoni kwanza, jina la kanuni lije baadaye. Tena mwalimu akijua Kiswahili kinaachana wapi na Kiingereza, anaweza kubashiri makosa kabla hayajatokea. Haya ndiyo ya kawaida zaidi:

Kitenzi chetu kinabeba kila kitu. "Anapika" ni neno moja lenye mtenda, wakati na tendo. Kiingereza kinayatenganisha: "She is cooking." Mtoto akiandika "Mother cooking", amesahau kipande cha katikati. Akiandika "Mother she is cooking", ametafsiri ile "a" ya "Mama anapika". Makosa yote mawili yana sababu, na ukimweleza sababu anajirekebisha haraka.

Sisi hatubagui mume na mke kwenye "yeye". Kiingereza kina "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke. Ndiyo maana mtoto anaweza kusema mama yake ni "he" bila kushtuka. Dawa yake ni mazoezi ya kuonyesha watu na kuwataja, si adhabu.

Wingi wetu uko mwanzoni, wao mwishoni. Mtoto, watoto. "Book", "books". Jicho la mtoto limezoea kuangalia mbele ya neno, lifundishwe kuangalia nyuma.

Sifa kwetu hufuata nomino, kwao hutangulia. Nyumba kubwa ni "big house".

Vineno "a" na "the" sisi hatuna. "A goat" ni mbuzi yeyote mmoja. "The goat" ni yule mbuzi ambaye tayari tunamjua. Muulize mtoto: mbuzi gani? Kama jibu ni "yule", atumie "the".

Sisi tuna vitu ambavyo wao huwa navyo kwa njia nyingine. "Nina njaa" ni "I am hungry". "Nina miaka 13" ni "I am 13 years old". Mtoto anayeandika "I have 13 years" ametafsiri Kiswahili kwa uaminifu wote.

Jibu la swali la kukana linapingana. Kwetu ukiulizwa "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "Ndiyo, sijala." Kwa Kiingereza jibu ni "No". Hapa hata watu wazima wanakosana kazini.

Na saa. Saa mbili asubuhi yetu ni "eight o'clock" yao. Mtoto akitafsiri "two o'clock" kwenye barua ya miadi, atakuwa amekosea kwa saa 6.

Mpangilio mzuri wa kufundisha ni kuanza na "am, is, are", halafu "have" na "has", halafu tendo linaloendelea sasa, halafu mambo ya kila siku, halafu yaliyopita. Kila kimoja kikae mdomoni wiki kadhaa kabla ya kufungua kingine.

Mpime mtoto hata kama wewe hujui Kiingereza

Wazazi wengi wanatuambia: "Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?" Unaweza. Fanya haya kwa dakika 10:

Moja, mwambie asome mstari wa chini kwanza, halafu wa juu yake. Aliyekariri wimbo atapotea. Anayesoma ataendelea.

Mbili, funika picha kwa kiganja. Kama kusoma kunakwama, alikuwa akisoma picha.

Tatu, weka kidole kwenye neno lolote katikati ya ukurasa na umwambie alisome hilo tu.

Nne, andika maneno ya kubuni yasiyo na maana: "tas", "pim". Ukibahatisha neno la kweli si neno, mradi hajawahi kukaririshwa. Uingereza nayo inafanya hivyo. Tangu 2012 watoto wa miaka 5 na 6 wanapimwa kwa maneno 40, nusu yake ni ya kubuni, ili ijulikane nani anafumbua na nani anakumbuka tu.

Tano, muulize kwa Kiswahili: "Umesoma nini?" Ajibu kwa Kiswahili. Akikueleza habari yote, ameelewa. Akibaki kukutazama, upande wa pili wa kuzidisha bado ni sifuri.

Ukigundua pengo, rudi mpaka pale anapoweza, hata kama ni herufi 6 za mwanzo na yeye yuko darasa la saba. Hakuna aibu hapo. Aibu inayouma ni ile ya kukaa kidato cha pili bila kuelewa neno.

Simu uliyoshika sasa nayo inasaidia. Mwombe mwalimu, au kijana wa kidato cha nne jirani, arekodi maneno 10 kwa sauti yake pamoja na maana. Rekodi hiyo ikae kwenye simu, haihitaji bando. Kila jioni mtoto asikilize, atamke, aandike. Wiki ijayo maneno 10 mengine. Pia mrekodi mtoto akisoma leo, kisha mrekodi tena baada ya mwezi. Akijisikia mwenyewe tofauti ilivyo, hutahitaji kumsukuma.

Kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika

Tunajua hali. Watoto wamebanana watatu kwenye dawati, na kitabu kimoja kinapita mikono mingi. Hatuandiki haya ili kumlaumu mwalimu. Kuitikia kwa pamoja si kubaya, kunasaidia mtoto mwenye haya kufungua mdomo. Ubaya ni kuishia hapo. Baada ya kuitikia kwa pamoja, wape dakika 5 wawiliwawili: mmoja anaonyesha neno, mwenzake anasoma, wanabadilishana. Darasa la watoto 80 linapata wasomaji 40 kwa mkupuo mmoja. Kadi za herufi zinakatwa kwenye maboksi ya sabuni. Vizibo vya soda vikiandikwa herufi kwa kalamu ya wino mzito vinapangwa kuwa maneno, na havichaniki.

Tena usiogope Kiswahili darasani. Jim Cummins wa Canada alieleza mwaka 1979 kwamba lugha mbili za mtoto zinategemeana: uwezo alioujenga katika lugha ya kwanza unavuka kwenda katika ya pili. Mtoto anayesoma Kiswahili kwa ufasaha, anayejua sentensi ni nini na aya ni nini, ana mtaji mkononi. Eleza kanuni ngumu kwa Kiswahili kwa dakika mbili, kisha fanyeni mazoezi kwa Kiingereza muda uliobaki. Kumvisha mtoto kibao shingoni au kumchapa kwa sababu ameongea Kiswahili kunamfundisha jambo moja tu, kunyamaza. Na lugha haikui kwenye mdomo uliofungwa.

Miezi ile minne

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza hufunguliwa Januari. Katikati kuna karibu miezi 4, na watoto wengi huimaliza kwa kuchunga, kulinda ndege shambani na kusubiri matokeo. Kazi za nyumbani ni halali, nasi wote tumezifanya. Lakini nusu saa kila jioni katika miezi hiyo inatosha kupitia sauti, kusoma hadithi fupi kadhaa, na kuandika sentensi 3 kila siku. Mtoto anayeingia Januari akiweza kufumbua neno jipya mwenyewe atabanwa, lakini hatazama.

Yule baba alitupigia tena. Alimjaribu binti yake kwa mstari wa chini kwanza, akakwama neno la pili. Sasa wanaanza upya na punje za mahindi na herufi 6, na mdogo mtu naye amejiunga bila kualikwa. Ametuambia jana jioni binti alisoma neno "tap" kwenye bomba la kijiji lililoandikwa na mafundi, akamgeukia akasema: "Baba, hili hukunifundisha wewe wala mwalimu."

Ukishajaribu majaribio yale matano nyumbani kwako, tuandikie ujumbe mfupi utuambie mtoto amekwama wapi. Tutayasoma hewani bila kutaja jina, na mwalimu tutakayekuwa naye studio ataanzia hapo hapo.